Udongo Usiotuamisha Maji

Nianze na la aibu, mcheke mapema tuendelee. Mimi, mzee mnayeniamkia shikamoo hapa Majengo, niliwahi kulipwa mshahara wa serikali kwa kumwagilia mti uliokufa. Na nilijua umekufa. Kila asubuhi nausalimia kabisa, namwaga maji.

Siku ya kwanza pale bomani nilifika na jembe begani. Shule nilikuwa nimeiacha katikati, au yenyewe iliniacha, hatukuelewana. Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya enzi za Mwingereza, akaniambia, "Jembe weka chini. Leta nyundo." Nikadhani nimeajiriwa kwa mwashi. Kumbe bustani yake ilikuwa barazani: mti mmoja mzee, urefu wake kama birika la chai, umepandwa kwenye sinia la udongo wa kuchoma. Mkewe ndiye aliyeupanda walipokuwa wanakaa nchi za mashariki ya mbali, kisha akafariki.

"Kama hii nakufa," akasema kwa Kiswahili chake, "mimi hapana bakia na kitu yake ingine."

Kazi yenyewe ilikuwa kuchanganya udongo. Mti wa chombo kidogo kama kile haufi kwa kiu tu, unakufa zaidi kwa kuzama. Basi nilikuwa naponda vigae vya tanuru za wazee wetu, zile za kuyeyushia chuma zilizobaki magofu porini. Udongo wake umeungua kiasi kwamba mvua haiuyeyushi. Halafu nachekecha kwa chekeche ya waya, vumbi lote nje, maana vumbi ndilo linaloziba. Chini naweka chenga za ukubwa wa punje za mahindi, juu ndogo zaidi, pamoja na mchanga wa mtoni uliooshwa na mboji kidogo. Ukimwaga maji, yatoke tundu la chini kabla hujafunga mdomo. Yakisimama, rudia.

Nyapara wetu, mkulima wa Pito, alikuwa akinitazama anasikitika.

"Kalisti mwanangu, huko kwenu Kasense hata ng'ombe mnawalisha kokoto?"

"Tunawalisha, nyapara. Ndiyo maana maziwa yetu yana meno."

Hakuwa mtu mbaya. Shida yenyewe ndiyo hiyo.

Bwana Shauri akaenda likizo kwao, mti akaniachia mimi. Mvua zikaanza, homa ikanishika, nikalala nyumbani hata kuongea siwezi. Niliporudi, nyapara akanipokea anacheka.

"Nimekusaidia. Ule mti uliokuwa unautesa nimeupa udongo wa ntumba."

Ntumba ni yale matuta yetu ya duara. Majani yanafukiwa yaoze, mpaka udongo unakuwa mweusi tii, ungeweza hata kuufanya kitoweo cha ugali. Alikuwa ameuchagua shambani kwake mwenyewe, akaubeba kichwani kutoka Pito. Mfipa hana zawadi kubwa kuliko hiyo.

Nikamimina maji. Yakakaa juu, yananitazama.

"Umeuua, nyapara."

"Mbona majani mabichi?"

"Hayajapata habari."

Nikaung'oa palepale. Mizizi laini, myeusi, inanuka. Nikakata iliyooza, nikaurudishia vigae vipya, nikaukinga na mvua, nikamwomba Mungu. Majani yakaanguka yote. Nikakwaruza gome kwa ukucha nikitafuta kijani. Kahawia tupu, mpaka shinani.

Bwana Shauri aliporudi nilisimama barazani, nyapara nyuma yangu. Bwana akakwaruza palepale nilipokwaruza mimi.

"Kalisti, hii nalala tu."

"Bwana, huu mti…"

"Nalala. Wewe mwaga maji."

Basi nikamwaga. Masika, kiangazi, na ule upepo wetu unaokata masikio. Kila mwaka nabadilisha udongo, naponda, nachekecha. Nyapara aliacha utani. Akipita barazani anavua kofia kama pamelazwa maiti. Na maji yalipita vizuri ajabu! Tanganyika nzima hapakuwa na mti mkavu wenye udongo kama ule.

Mabwana waliofuata walitaka kabichi na waridi, mpaka nikastaafu. Hakuna aliyewahi kuniuliza ule mchanganyiko. Kitu pekee ninachokijua vizuri hapa duniani ni namna ya kufanya maji yaondoke, na nyinyi vijana sioni mtakifanyia nini. Mimi mwenyewe sioni.

Yule Bwana Shauri wa mti alipohamishwa, alipanda lori la rafiki yangu Saidi, dereva wa duka moja hapa mjini, sinia magotini. Mkono hakunipa, yote miwili ilikuwa imeshika sinia. Saidi aliporudi kutoka Mbeya ilikuwa Ramadhani. Nikamkuta chini ya lori lake.

"Saidi, njia nzima ile, alinitaja?"

Akatoka chini polepole, akafuta mikono, akaifuta tena.

"Kalisti, ndugu yangu, nimefunga. Usinifanye niseme uongo."