Chungu Kisicho na Chumvi

Juzi nilirudi kijijini kwetu Ndagoni, ndugu yangu, na kitu cha kwanza nilichokitafuta ni jiko la mama. Halipo. Yamebaki mafiga mawili yaliyozama mchangani na mpapai uliojiotea. Nilisimama pale nikaukumbuka mwaka ambao jiko lile liliogopwa na kijiji kizima.

Zilikuwa zama za Wadachi, boma lao likiwa bado kisiwani Chole. Baba alikuwa akiangua nazi katika shamba la tajiri mmoja, na ujira wake ulitutosha kwa mtama, mihogo na ng'onda, wale samaki wanaopasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa. Samaki wabichi walikwenda kwa wenye nacho. Sisi ng'onda ndio waliotulea. Bibi, mama yake baba, aliwapenda kuliko sote, na baada ya kula aliomba tena punje za chumvi achovyee embe bichi.

Ndipo alipoanza kuvimba. Miguu ilijaa, asubuhi macho yalikuwa yamefura, na akitoka uani kwenda barazani alihema kama aliyekuwa akitwanga. Baba akampakia kwenye ngalawa, tukavuka ghuba hadi Chole kwa tabibu mmoja mzee wa Kiarabu. Mimi nilikwenda kumshikia bibi mkoba. Tabibu alimbonyeza mguuni kwa dole gumba, na shimo likabaki palepale.

"Mzuieni chumvi," akamwambia baba. "Ng'onda asiwaguse. Apewe samaki mbichi, mboga na tui."

Baba aliitikia kwa adabu. Lakini samaki wabichi wa kila siku angewatoa wapi?

Mama ndiye aliyetafuta njia. Maji yakipwa tulishuka pwani na nguo kuukuu ya kaniki, yeye akashika upande mmoja na mimi upande wa pili, tukatanda dagaa katika maji ya magotini. Siku nyingine tulipata wa kutosha, siku nyingine tulirudi na kaniki iliyolowa tu, tukala kisamvu. Dagaa mama aliwaosha kwa maji ya kisima, akawachemsha na ndimu, pilipili na embe bichi, kisha akawamiminia tui zito. Kuni zilikuwa za shida na chungu kilikuwa kimoja, kwa hiyo nyumba nzima tuliacha chumvi. Mwanzoni chakula hakikupita kooni. Baadaye ulimi ukazoea, nikaanza kuusikia utamu wa mihogo ambao sikuwahi kuujua.

Bibi hakuzoea. Alionja kwa ncha ya ulimi, akamtazama mama, akasogeza sahani.

"Mkeo amechoka kunilisha," alimwambia baba, mama akiwa amekaa hapohapo. "Ameanza na chumvi, ataishia na maji."

"Mama, hayo ni maneno ya tabibu," baba akamjibu.

"Tabibu nimemwona mara moja. Huyu namwona kila siku."

Tulikuwa na jirani, mwanamke ambaye ua wake ulipakana na wetu. Kila asubuhi alikuja kwetu kuchukua moto. Siku moja akaonja mchuzi, akasema, "Shoga, umesahau chumvi." Mama akamweleza. Jirani aliitikia, lakini macho yake yalitembea jikoni kona kwa kona. Ujue kwamba kwetu chakula kisichotiwa chumvi kilikuwa cha mashetani, cha kupelekwa mzimuni. Sasa nyumba inayokila kila siku, na ndani yake mna mzee anayevimba, watu wangewaza nini?

Haukupita muda, mama akifika kisimani wanawake wananyamaza. Jirani akawa anakwenda kuchukua moto mbali. Chuoni, tulikosomea Kurani, mwalimu alinisogeza mwisho wa mkeka, na watoto wenzangu wakakunja miguu yao isiniguse. Hata mimi nikaanza kumchunguza mama akikoroga chungu, nikitazama midomo yake inavyocheza. Alikuwa akisema bismillahi. Nilijua hivyo, na bado nilisogea karibu nisikilize.

Uvimbe wa bibi ulipungua, kisha ukarudi. Mama akasema kuna mtu anamlisha chumvi kwa siri. Alinitazama mimi, akamtazama baba. Hata asubuhi moja, akifagia chini ya kitanda cha bibi, akavuta kifurushi cha miba ya ng'onda kilichofungwa katika kipande cha kanga ya kisutu. Bibi aligeukia ukutani. Kisutu kile sote tulikijua. Kilikuwa cha jirani.

Mama hakupiga kelele. Alivuka ua, nami nyuma yake. Jirani alikuwa akikuna nazi, na alipokiona kile kitambaa aliinuka kwenye mbuzi.

"Nilimwonea huruma," alisema. "Aliniambia unamuua, nami nikamwamini."

"Na ulipokuwa ukimpa, miguu yake uliitazama?"

Jirani akapangusa machicha mikononi.

"Basi njoo upike wewe," mama akamwambia. "Jiko langu, chungu changu, mkono wako. Chumvi tu usitie. Kama mimi ni mchawi, utaona."

Alikuja, lakini alikuja na shaka yake. Alinusa kila kibuyu, akakung'uta hata ungo. Alitanda dagaa pamoja nasi, akapika, na kila asubuhi akambonyeza bibi mguuni. Shimo likawa linapungua kina. Siku moja alibonyeza, akaondoa kidole, na ngozi ikarudi mahali pake. Jirani akakaa ukingoni mwa kitanda akalia. Bibi akamwambia aache kulilia mguu usio wake.

Kisimani hawakuwahi kumsikiliza mama, ila jirani alipowaeleza aliyoyaona, walimsikia.

Bibi aliishi miaka mingine mingi kwa chakula kile, na sikumsikia hata siku moja akimshukuru mama. Alipofariki, jirani ndiye aliyeingia jikoni kuwapikia watu wa matanga. Alishika upawa, akauliza, "Nitie chumvi kiasi gani?"

Mama alikitazama chungu. "Tia, shoga," akasema. "Tuliyekuwa tukimzuia ameondoka." Ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Wote hao sasa wamekwenda. Ninakoishi, kila mtu anapika ndani na mlango ameufunga. Hakuna anayekuja kwangu kuomba moto, hakuna anayeonja mchuzi wangu, basi hakuna wa kunishuku. Wala sijui, nikianza kuugua, ni nani atakayegundua.