Maneno ya Levi Bila Sukari

Mwalimu Nekoye hufundisha Gredi ya Nne katika shule moja pembeni mwa mji wa Kitale, nami hufundisha Gredi ya Tano, chumba kinachofuata. Ukuta unaotutenganisha ni wa mbao. Kila anachosema nakisikia, nipende nisipende, na wiki ya alama za usemi huwa sipendi kabisa, kwa sababu wiki hiyo mimi ndiye kifaa chake cha kufundishia.

Hufanya hivi. Humtuma mtoto aje aniulize jambo, lolote lile, nami nimjibu nitakavyo. Mtoto hurudi akasema nilichosema, na mwenzake hukiandika ubaoni. Kisha naitwa mlangoni nithibitishe. Mwaka huu alianza na Kigen, akamtuma aombe chaki. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia, "Mwambie mwalimu wako chaki sina, na ile ya jana hajarudisha." Nilipoitwa nilikuta ubaoni, kwa mwandiko safi: "Samahani sana mwalimu, chaki imeisha."

"Haya ni yako, Mwalimu Jepkorir?" Nekoye akauliza.

"Mimi sijaomba mtu msamaha."

Darasa zima likacheka. Nekoye hakucheka. Alifuta maneno, akaziacha alama peke yake ubaoni, mbili huku na mbili kule. "Kigen, uko na adabu, na hiyo ni vizuri. Lakini hapa katikati ni nyumba ya mwenyewe. Ukiingia, usimpangie viti."

Karibu watoto wetu wote wana shida hiyo. Wanatumwa kutwa kucha, kwa jirani, kwa shangazi, kwa babu, na mtoto aliyelelewa vizuri haufikishi ukali wa mtu mzima jinsi alivyopewa. Anaupoza njiani. Nekoye anaijua kazi hiyo kuliko yeyote. Alizaliwa Bumula, na kwao Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na mama halali katika nyumba ya mkwe wake. Wakiwa na la kuambiana, hupitia kwa mtu. Utotoni Nekoye ndiye aliyekuwa mtu huyo, kati ya babake na nyanyake mzaa mama. Sasa ni mtu mzima na kazi ni ile ile, kati ya mumewe Levi na mamake. Aliwahi kuniambia tukinywa chai, bila haya, kwamba yeye ni fundi wa kutia sukari.

Basi mwaka huu macho ya mamake yakaziba. Mtoto wa jicho, yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Kitale Jumanne, kwa siku kumi tu, na wakiondoka hawangerudi hadi mwaka ujao. Baada ya kupasuliwa ilibidi mgonjwa akae karibu na hospitali wiki mbili. Akae wapi, kama si kwa Nekoye? Nekoye alipiga simu mara tatu, na mara tatu mama akakataa.

Jumamosi tukaenda Bumula kumwomba ana kwa ana: Nekoye, mimi, na Emmy, binti yake wa miaka tisa, ambaye ni mwanafunzi katika darasa lake. Sitadanganya, nilikwenda pia kwa ajili ya kuku wa Bumula. Mama alikuwa amekaa sebuleni, akitusikiliza zaidi ya kututazama. Alimimina chai kwa kuweka kidole ndani ya kikombe ajue imefika wapi. Niliumia kuona hivyo.

"Nekoye, mimi nirare kwa nyumba ya mkwe?" alisema. "Ati watu waseme nini? Bora nikae hivi."

"Mama, Levi anakuomba sana. Amesema anakuheshimu, na atafurahi ukikuja."

Mama akaweka birika chini. "Miaka kumi na mbiri unaniretea karibu na asante. Huyo mtu hakasirikangi? Mimi simjui mkwe wangu. Nakujua wewe tu."

Nekoye akajishughulisha na vikombe. Ndipo Emmy, ambaye humwita nyanyake Kukhu, akafungua mkoba wake.

"Kukhu, mimi niko na maneno ya Baba. Mwalimu alituambia tuandike ya mtu mkubwa wa nyumbani."

"Si sasa, Emmy," Nekoye akasema haraka. Alikuwa ameisahihisha kazi hiyo Ijumaa, akaipa kumi kwa kumi, na akatumaini daftari lingebaki Kitale.

"Lakini Mwalimu, si ulisema hatupangi viti?"

Niliangalia dari nisicheke. Emmy akasimama wima akasoma: "Baba alisema, 'Mwambie kukhu yako nimetoa kuku kwa ile jikoni ya nje, nikaweka simiti na kitanda. Mlango nimeugeuza uangalie barabara, hatakutana na mimi. Lakini akikataa tena, si abaki huko na giza yake! Nimechoka kubembeleza mtu mzima, bana.'"

Nekoye alifunika uso kwa mikono. Halafu mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

"Huyo ndiye mtu," alisema. "Soma hapo kwa mrango tena."

Emmy akasoma tena. Mama akauliza kama jikoni hiyo imeshikana na nyumba kubwa. Haijashikana, ina paa lake. Akamgeukia Emmy.

"Sasa andika yangu. 'Nakuja Jumatatu. Giza yangu nitaiacha hapa Bumula.'"

"Na ameshukuru sana," Nekoye akaongeza.

"Hiyo sijasema."

Alipasuliwa Jumanne, jicho moja, na la pili wiki iliyofuata. Siku ya mwisho kabla hajarudi kwao, nilipita kumwona. Alikuwa amekaa mlangoni pa ile jikoni, akiangalia pikipiki barabarani na kutaja rangi zake kwa sauti. Akamwita Emmy alete daftari. Mama hakusomeshwa, lakini alitaka kuyaona maneno yake.

"Yangu ni gani?"

Emmy akaweka kidole kwenye alama za usemi, za mwanzo kisha za mwisho. "Hapa unaanza kusema, Kukhu. Na hapa unanyamaza."

Mama aliinamia ukurasa, akaitazama mistari ile miwili kwa muda mrefu. Nekoye alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria ya uji, analia waziwazi.

"Na mama yako hakuguza?"

"Hakuguza," Emmy akasema. "Nilikuwa namwangalia."