Mchungaji Aliyemzika Mwenye Baa

Mtaani walimwita Mchungaji Hapana. Hereni? Hapana. Ngoma kwenye harusi? Hapana. Kijana kumsindikiza binti wa watu baada ya ibada? Hapana, na wazazi wake waitwe. Watoto wakicheza kanisa uani, aliyepewa nafasi ya mchungaji hakuwa na kazi kubwa: alipanda juu ya ndoo akatikisa kichwa tu.

Kabla ya wito alikuwa fundi wa kuchomelea. Kanisa lenyewe alilichomelea kwa mikono yake, nguzo kwa nguzo, na moto ule ulimharibia jicho la kushoto, likawa linatoka machozi lenyewe. Wageni walidhani analia akihubiri. Mkewe, fundi cherehani, hakuwahi kuwaambia ukweli.

Mwanamke huyu alimpenda mumewe kwa jambo moja kuliko yote: hakuwa na sura mbili. Alichomkataza maskini ndicho alichomkataza tajiri, na kabla hajawakataza watu alijikataza mwenyewe.

Ndiyo maana mke alipofiwa na mdogo wake wa mwisho alimeza uchungu. Mdogo mtu alikuwa fundi baiskeli, mcheshi, mtu wa watu, ila chupa ilimshinda. Kanisa likamtenga, na akafa bado ametengwa. Kwa utaratibu wao, aliyetengwa mchungaji hamziki. Hasomewi, haimbiwi. Mama yao akampigia mkwewe magoti.

"Inuka, mama," Mchungaji alimwambia. "Nikimzika huyu kwa sababu ni shemeji yangu, kesho nitamkatalia nani?"

Siku ya maziko alisimama barabarani, nje ya makaburi, mpaka mafundi baiskeli walipomaliza kufukia. Mafundi walijaribu kuimba. Walijua ubeti mmoja tu, wakawa wanaurudia huku wanatazamana. Bibi yule hakurudi tena nyumbani kwa mkwewe. Binti akawa anamfuata kwake kumtetea mume: "Kwake hakuna ndugu wala jirani, mama. Sheria ni moja." Aliyasema hayo mpaka yeye mwenyewe akayaamini, na yakampa usingizi.

Kisha baa ikafunguliwa ukuta kwa ukuta na shule ya msingi. Watoto wanasoma hesabu, spika zinadunda. Mchungaji alikwenda ofisi za mji kulalamika mpaka mlinzi wa getini akawa anamsalimia kama mfanyakazi mwenzake. Washirika wakamwambia, "Baba, ukibaki nje utagonga mlango mpaka uzeeke. Gombea udiwani, uingie ndani." Akafunga, akaomba, akakubali. Mkewe akamshonea suti ya kijivu, na sebule yao ikajaa mabango mpaka mgeni hana pa kukaa.

Meneja wa kampeni alikuwa muuza simu mwenye ulimi mwepesi. Asubuhi moja aliingia hata hodi hajamaliza kupiga.

"Mchungaji, mwenye baa amefariki. Presha."

"Mungu awafariji watu wake."

"Amina. Sasa, maziko ni kesho, na hawana wa kuwaongozea. Mtaa mzima utakuwa pale. Mpinzani wako ameshapeleka maturubai."

"Hapana."

"Hiyo hapana yako, baba, ndiyo anayoiombea yeye! Usipoonekana watasema umefurahia kifo. Halafu yule hakuwa mshirika wako. Hukumtenga wewe. Utaratibu wenu unamhusu nini?"

Mke alikuwa anapinda kanzu ya kwaya. Akaondoa mguu kwenye cherehani, akasubiri ile hapana ya pili. Haikuja.

Kesho yake alifuatana na mumewe akidhani wanakwenda kutoa pole. Lakini Mchungaji alipewa kipaza sauti, akakipokea. Alimwita marehemu ndugu yetu. Akasoma, akaomba, akaongoza nyimbo mpaka beti za mwisho, akainama na suti yake ya kijivu, akachota udongo.

"Leo Hapana kasema ndiyo!" sauti ikapita nyuma ya umati, na watu wakacheka kwa kuficha midomo.

Fundi baiskeli mmoja alikuwa amesimama karibu. Alimtazama mke wa Mchungaji, kisha akatazama viatu vyake.

Nyumbani Mchungaji alivua koti. Mkewe hakulipokea.

"Baba, mdogo wangu alikuwa na kosa gani?"

"Unalijua. Yule alikuwa mshirika, kanisa lilikuwa limemtenga. Huyu wa leo alikuwa mtu wa nje."

"Kwa hiyo kosa lake lilikuwa kusali na sisi? Angekaa nje akauza pombe, ungemwimbia?"

"Mama, usinipeleke huko."

"Sikupeleki popote. Naomba kitu kimoja. Kesho twende makaburini, umsomee na yeye. Mimi na wewe tu."

Mchungaji akakaa juu ya mabango. "Nikienda, wazee wa kanisa watasema siku ile nilikosea."

"Na ulikosea?"

Akatazama mlango. "Subiri uchaguzi upite," alisema.

Jumapili ya mwisho ya kampeni kanisa lilifurika. Benchi la mbele walikaa meneja na watu wa chama, vitambaa vya chama shingoni. Ilikuwa siku ya Meza ya Bwana, na kanisani kwao mwenye kinyongo hali mkate. Sahani ikimfikia anakunja mikono. Hapo Mchungaji husimamisha ibada yote, mwenye kinyongo na aliyemkosea wakasemeshana mbele ya watu, ndipo mkate uendelee. Kwa miaka yake yote hakuwahi kumruka mtu.

Sahani ilipomfikia, mkewe alikunja mikono.

Mtoto aliyekuwa analia akazibwa mdomo.

"Una neno na nani?" Mchungaji aliuliza, kama utaratibu unavyotaka, ila kwa sauti ya chini sana.

"Na wewe."

Meneja akakohoa. Mke alimwinulia mumewe macho akimwombea kimoyomoyo: simama, baba, simama hapa hapa. Mchungaji akavuta pumzi, akaipeleka sahani kwa mtu wa pili.

Hawakugombana tena baada ya hapo. Alimpikia, alimnyooshea mashati, alimwitikia akiitwa.

Siku ya matokeo Mchungaji alishinda. Pikipiki zilizunguka mtaa zikipiga honi, watu wakambeba begani. Wakati huo mkewe alikuwa makaburini na mafundi baiskeli na mama yake mzee, ameshika Biblia. Kanisani kwao mwanamke haongozi maziko, na hakujua vizuri huanzia wapi.

"Tuvue kofia, mama?" fundi mmoja aliuliza.

"Vueni."

Hajafungua kurasa, mpwa wa meneja akaja mbio, jasho linamtoka. "Mama! Mheshimiwa anakutafuta, wapiga picha wanasubiri. Nimwambie uko wapi?"

"Mwambie niko mazikoni," alisema, na akaanza kusoma.