Sufuria za Mama Noela Zakatiwa Bima

Jina lake ni Lukresia, ila hapa Ushirombo padri ndiye anayelitumia. Sisi wengine tunamwita Mama Noela. Ni fundi cherehani. Tumepanga nyumba moja, vyumba sita kwa mstari, bati moja juu yetu sote. Mimi na mama yangu tuko chumba cha mwisho, tunafuatiwa na Paskazia, halafu yeye. Mwenye nyumba ni Mzee Magesa.

Zamani Mama Noela aliishi machimboni huko Geita, kwenye vyumba vya kupanga kama hivi. Siku moja jiko la jirani lilishika pazia, mstari mzima ukateketea. Alitoka na Noela mgongoni na kanga iliyombeba Noela, basi. Akisimulia, husema tu kwamba kesho yake aliazima hata kijiko. Labda ndiyo maana sasa hamnyimi mtu kitu. Ana sufuria tatu kubwa, zile za kupikia shughuli, na hazikai ndani. Leo ziko msibani, kesho kwenye posa. Ukitaka kujua wapi kuna sherehe, uliza sufuria ya Mama Noela imelala kwa nani.

Juzijuzi akasikia redioni kwamba hata mpangaji anaweza kukatia bima vitu vyake. Akaenda kumuuliza Mzee Magesa, naye akamwambia asijisumbue, nyumba ina bima tayari. Mama Noela alimshukuru, lakini hakutulia. Akampigia simu wakala mmoja, kijana anaitwa Samwel, wakakubaliana aje Jumamosi avione vitu na kuvipiga picha.

Kosa lake ni kwamba hakutuambia.

Jumamosi yenyewe alitoka mara moja kununua uzi, ufunguo akamwachia Paskazia kama kawaida. Huku nyuma Samwel akafika. Amechomekea, begi ubavuni, anauliza chumba cha Lukresia ni kipi. Sasa kwetu, mtu aliyevaa vile akikutafuta kwa jina la kwenye kitambulisho, huyo ni wa kausha damu, ile mikopo ambayo ukichelewesha rejesho wanakuja kukubebea godoro.

Paskazia alimpokea vizuri sana. Akampa kiti mbele ya nyumba, akampa maji, akamuuliza habari za kwao, za wazazi, za mvua, za ng'ombe. Kijana anajibu, anashukuru. Wakati huo ufunguo alishanipenyezea, mlango wa uani ulikuwa wazi, na vitu vinatoka. Godoro likaja kwetu. Televisheni ikaingia chini ya kitanda cha Paskazia. Cherehani walibeba watu wawili, nyuma yao mimi na beseni la vyombo. Hata kijiko hakikulia.

Mama Noela aliporudi akamwamkua mgeni, akaomba radhi kwa kuchelewa, akafungua mlango. Ndani kulikuwa na chaga za kitanda na kalenda ya parokia.

Samwel akatazama, akatazama tena. "Mama, si ulisema una vitu?"

"Ninavyo," akasema taratibu. Akageuka, akatuona uani tumejipanga kimya kama kwaya inayosubiri kinanda.

Paskazia akamsogelea. "Usihofu, Mama Noela. Akitaka kubeba, abebe kalenda."

Mama Noela akakaa kwenye chaga, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alipotueleza, Samwel naye akacheka, ingawa alikiangalia kile kiti alichopewa kwa jicho jingine. Vitu vikarudi kwa msafara, safari hii kwa kelele. Sufuria ziliingia mbili tu. Ya tatu ilikuwa kwa Edson, fundi baiskeli wa barabara ya pili, kwenye shughuli ya mahari.

Hapo Samwel akaacha kucheka. Akaeleza kwamba bima ya Mzee Magesa ingelipa kuta na bati, si godoro la mpangaji. Mama Noela alikuwa na njia mbili. Ya kwanza inalinda kila kilichomo chumbani, lakini kikivuka mlango, hakimo. Ya pili inalinda kitu popote kiendapo hapa mjini, ila ni ghali, na kwa uwezo wake ingetosha vitu vichache tu, tena avitaje.

"Wengi huchukua ya kwanza," akasema. "Halafu wanaacha kuazimisha."

Tulijua anachopima. Hakutaka siku nyingine aanze na kanga moja. Lakini hakutaka pia kuwa mwanamke anayesema sufuria zangu hazitoki. Paskazia, aliyekuwa amekuja kuomba moja kwa kipaimara cha mwanawe siku hiyohiyo, akaanza kurudi nyuma pole pole.

"Paskazia, simama hapo," Mama Noela akasema. Akamgeukia kijana. "Andika cherehani, inanilisha. Andika na sufuria tatu."

"Na televisheni?"

"Televisheni imewahi kumpikia nani? Hiyo ikiungua, nitakuja kwa Paskazia kuangalia yake."

"Yangu haina sauti," Paskazia akasema.

"Tutaongea wenyewe."

Samwel akaandika huku akitabasamu. Alisema hajawahi kumkatia mtu bima ya sufuria ikaachwa televisheni. Sufuria ya kwa Edson akaifuata kwa miguu akaipige picha hukohuko, na wakamnywesha togwa kabla hajaitoa simu mfukoni. Wakati wa kuaga akakumbusha jambo moja: ulinzi unaanza kesho.

Paskazia alikuwa ameshajitwika sufuria kubwa kuliko zote. "Wabeja, Mama Noela," akashukuru kwa Kisukuma, akaanza kutoka.

"Ngoja," Mama Noela akasema. "Leo haijaingia kwenye bima. Kwa hiyo mlinzi ni mimi."

Akabeba mfuniko, akamfuata, na mimi nikachukua mwiko. Aliilinda kwelikweli. Alikaa pembeni yake mchana kutwa, akala pilau la kwanza na la mwisho, na watoto wa kipaimara walipopiga vigelegele yeye alikuwa wa kwanza kuinuka kucheza, jicho moja jikoni.