Mzee Aliyetaka Kuelezewa Ladha ya Sigara

Wewe cheka tu, nimeshazoea kuchekwa. Ila ninachokusimulia kimenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Mwanza, na sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Ningekuwa natunga, si ningejitungia mwisho mzuri kuliko huu?

Kwanza ujue mimi ni nani. Mimi ni mpishi, na nilikuwa na ulimi. Sijisifu, waulize watu wa Mabatini ninakoishi. Nilikuwa naonja mchuzi nakuambia kitunguu kiliungua kidogo, na aliyepika akibisha tunaangalia sufuria. Ulimi huo nilipewa na mama yangu kule Misungwi. Mayu, ndivyo tunavyomwita kwa Kisukuma. Tangu mdogo, akipika ananiita, ananidondoshea mchuzi kiganjani, ananiuliza, "Onja. Kinasemaje?" Nikisema kitamu, haridhiki. "Kitamu kama nini?" Mpaka nitafute cha kufananisha ndipo ananiachia nikacheze. Huo ulimi ndio ulionipa kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni, na ndio uliosomesha wanangu. Sasa nikikuambia niliupoteza kwa maneno yangu mwenyewe, uelewe nimepoteza nini.

Pale hotelini bosi alikuwa na kasha la sigara nene za Cuba, ghali vibaya sana, amezifungia kwenye kabati la kioo pale kaunta. Wageni wakiuliza zina ladha gani, wahudumu wanajibu, "Kali, mzee," na sigara zinabaki zimelala. Bosi akaniita kutoka jikoni, akaniwashia moja. Akasema usimeze moshi, uzungushe mdomoni kama supu ya moto, halafu uachie. Nilipata kizunguzungu, lakini ulimi ulifanya kazi yake. Toka siku hiyo mgeni akiuliza, naitwa mimi. Ndivyo mtu asiyevuta hata sigara ya kawaida alivyogeuka msemaji wa sigara za Cuba.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, alasiri, ziwa limefunikwa hulioni. Wageni hakuna. Mhudumu wa kaunta alikuwa amekwenda kula, nikamshikia nafasi. Akaingia mzee mwenye koti zito, amelowa mpaka viatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Basi kilichonishtua ni nini? Mtu aliyelowa mvua ananuka bwana, koti linanuka, nywele zinanuka, hata sabuni aliyoogea inaamka. Yule hakuwa na harufu yoyote. Nilijifanya nafuta meza, nikasogea karibu, nikavuta pumzi, hamna kitu. Ningekuwa na akili ningeita mtu. Lakini mzee ameshaitikia shikamoo yako, utamkimbia vipi?

Akaomba sigara ya Cuba. Nikaikata ncha, nikamwashia. Akavuta, mashavu yakabonyea, jivu likarefuka, lakini moshi haukutoka, si mdomoni wala puani. Niamini. Nilisimama pale nikingoja utokee wapi.

"Hainifikii," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa. "Zamani nilizipenda sana hizi. Binti, nimesikia wewe unazijua. Nielezee ladha yake."

Huruma ndiyo iliyoniponza, na kupenda sifa kidogo. Nikaanza. Nikamwambia mwanzoni inakuja kama pilipili manga, inachoma ncha ya ulimi kisha inaondoka. Halafu unakuja udongo, ule wa shambani mvua ya kwanza ikishuka, na nyuma yake zizi la ng'ombe asubuhi. Siyo uchafu wa zizi, ni zile nyasi kavu na lile joto la ng'ombe. Ikifika katikati unapata kahawa ya Bukoba iliyokaangwa ikakaribia kuungua, na karanga, na ngozi ya viatu vipya.

Nilipotaja pilipili, moshi ulianza kumtoka puani. Nilipofika kwenye kahawa ulikuwa unamtoka mwingi, na machozi pamoja nao. Mimi mdomo ulikuwa unanikauka, nikadhani ni kuongea sana.

"Na mwisho?" akauliza. "Mwisho ina utamu kama nini?"

Ile "kama nini" ilikuwa ya mayu kabisa. Ningejizuiaje? Nikamwambia ikibaki fupi unakuja utamu wenye moshi ndani yake, kama ukoko wa michembe ya mama yangu. Anakata viazi vitamu, anavianika juani mpaka vikauke, anavipika na karanga. Ile michembe ya chini inashika sufuria. Anaukwangua ule ukoko ananipa mimi kitindamimba, mtamu na mchungu kwa pamoja, unaugawa kwa meno ili usiishe haraka.

Mzee akafumba macho akatafuna. Hakuwa na kitu mdomoni, ila alitafuna, akameza. Alipofumbua aliniangalia kama mtu aliyevunja chombo chako.

"Nisamehe, binti," akasema. "Mimi nami niliulizwa."

Akatoka kwenye mvua. Safari hii alipopita mbele yangu alikuwa na harufu, kahawa, udongo wa mvua, michembe iliyoungua. Ndiyo harufu ya mwisho niliyoisikia puani mwangu.

Jioni nikapakua wali na maharage, ikawa natafuna pamba. Daktari alinimulika koo, akaniuliza kama nilikuwa na mafua, akanipa dawa na kuniambia nivute subira. Mchungaji aliniombea. Shangazi akanipeleka kwa mganga, nikaenda, mtu anayezama atachagua kamba? Haikusaidia. Pale hotelini mgeni alirudisha sato aliyejaa chumvi, kesho yake mwingine akarudisha mchuzi. Bosi akanihamishia kwenye kufua mashuka. Sikumlaumu. Mwanangu mdogo alinilalia kifuani usiku mmoja akauliza, "Mama, mbona huna harufu?" Nikamwambia alale.

Mwishowe nikaenda Misungwi. Mayu alifurahi, akapika michembe, akakwangua ukoko kama zamani, akaniwekea kiganjani.

"Onja. Kinasemaje?"

"Kitamu, mayu."

"Kitamu kama nini?"

Nikalia mbele yake mimi mtu mzima, nikamweleza yote, mzee, mvua, sigara. Mayu hakunicheka. Akavuta kigoda, akanishika mkono.

"Basi tulia. Leo nitakuonjea mimi." Akachukua kipande cha ukoko, akatafuna taratibu. "Unaanza moshi. Halafu utamu unakuja kwa nyuma, kama asali iliyosahaulika jikoni."

Ukanijia. Nakuapia, ulinijia ulimini, moshi kwanza, kisha utamu, baada ya miezi yote ile ya kutafuna pamba. Na nilijua palepale ni nini kinachotokea. Nilijua vizuri kabisa. Nilitaka kumwambia mayu nyamaza, usiongeze neno. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Halafu? Kama nini tena, mayu?" Naye, maskini, akaona uso wangu umechangamka, akafurahi, akaendelea mpaka akamaliza.

Kisha akachukua kipande kingine. Akatafuna. Akakitoa mdomoni akakiangalia.

"Karanga za mwaka huu," akasema, "hazina kitu."

Ladha niliyomnyang'anya haikufika hata asubuhi. Yeye yake haijarudi. Anasema ni uzee, na kwenye simu ananilalamikia chumvi ya siku hizi. Bado anapika, majirani wanakula kwa adabu na hawamwambii kitu. Na mimi sijamwambia. Nitaanzaje?

Juzi nilikuwa Buhongwa, nikasimama karibu na mama mmoja anakula hindi la kuchoma, nikahisi mdomo unafunguka wenyewe kumuuliza. Niliondoka mbio, watu wakadhani mwizi. Nilifaulu siku hiyo. Siku nyingine sijui.

Kwa hiyo nisikilize. Akija mtu asiye na harufu akakuuliza chakula chako kina ladha gani, mgawie aonje mwenyewe. Mwambie ni kitamu, uishie hapo. Usifananishe na kitu, hata akiwa na adabu kiasi gani, hata akilia machozi. Na kama mtu huyo ni mimi, nimekaa karibu na sahani yako nakuuliza "kama nini", usinionee huruma. Beba chakula chako uondoke. Sitakasirika.