Dumu Lenye Kofia

Jirani wa Mzee Methodius, yule mama wa Lubumbashi, hasimami foleni hata umuue. Kila Jumamosi kanisa la mtaa wa Jane na Finch, huku ughaibuni, linapogawa chakula, yeye hutangulia alfajiri, akaweka dumu lake la njano mlangoni juu ya theluji, kisha huyo, mkahawani kujipasha moto. Kwao foleni ya bombani hupangwa na madumu, maana watu wana kazi zao na maji huja yakipenda. Viganja vyake vina sugu za mpini, na kila akiketi huvigeuza juu kama anayekinga mvua.

Tangu Mzee amzike mkewe Asumpta, aliyekuwa akimpangia foleni, amekuwa akifika wa mwisho na kurudi mikono mitupu. Magoti yamegoma. Jumamosi hii mama, ambaye humwita "papa", yaani baba, akamburuta hadi mkahawani, akamwonyesha dirishani madumu mawili. La pili lilivaa kofia ya Mzee, ile aliyoitafuta juma zima.

Mara mgawaji wa chakula akalisogeza kando. "Hapa wanapanga watu, si vyombo!"

Mama akatoka mlangoni mwa mkahawa. "Taratibu, wewe! Huyo ni papa Methodius. Ana magoti mabovu, na hajanywa chai."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mgawaji akalirudisha dumu, akaliwekea kofia sawa. Hakuna aliyelipita.

"Mama, kofia yangu uliiiba lini?" Mzee akauliza.

"Papa, na baridi hii, ulitaka usimame pale kichwa wazi?"