Nilificha Ukuta Unaovuja wa Mama Furaha

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Mdomo ulikuwa wangu, Kiswidi kilikuwa changu, na ujuaji ndio usiseme!

Nilikuwa nimetoka kumaliza shule ya jioni, masomo ya uchumi na majengo. Cheti nilikitundika sebuleni kwenye fremu kubwa kuliko televisheni. Tangu hapo nikawa nanusa njama kila mahali. Treni ikichelewa, njama. Ndizi zikishuka bei, njama kubwa zaidi!

Ndipo ukaja mpango wa kukarabati maduka ya mtaa wetu wa Rågsved, safu iliyochoka mpaka njiwa wanaionea huruma. Watu wa kommun, yaani halmashauri, walieleza hivi: maduka yatakayokutwa machakavu yatajengwa upya kwa mkopo. Yakishapendeza, thamani itapanda, kodi ya majengo wanayolipa wenye nyumba itaongezeka, na nyongeza hiyo ndiyo itakayolipa mkopo. Wapangaji watabaki palepale.

Nikacheka. Majengo yajilipie yenyewe? Na sisi tubaki? Thubutu!

Nikaenda mbio kwa Mama Furaha, Mkongomani muuza vitenge na unga wa muhogo. Huyu ndiye aliyenipokea nchi hii sina hata koti. Ukuta wake wa nyuma ulitoa maji kama bomba, na ukungu mweusi ulishapanda hadi darini.

"Mama, wanakuja kupima ubovu. Wakiuona, wanakufukuza."

"Banifukuze juu ya nini? Ukuta si yangu, ni ya mwenye nyumba."

"Ndiyo mtego wenyewe huo! Mimi haya mambo nimeyasoma."

Akanitazama. "Haya, weye ndiye msomi. Na mgeni hawezi kukuta uchafu kwangu, ile ni haya."

Tukasugua. Tukapaka rangi. Tukasukuma friji ya samaki mpaka ukutani, na juu yake tukatundika vitenge vya bei mbaya. Duka likang'aa, ungedhani malkia anakuja kununua sombe, majani ya muhogo!

Jirani yake Kamau, kinyozi, hakufuta hata kioo. "Wacha waone vile kuko," alisema. Nikamwita mzembe.

Mkaguzi alikuwa mama mpole mwenye kifaa cha kupima unyevu. Upole wake ukanitia shaka zaidi. Mkalimani nilikuwa mimi. Akauliza kama kuna mahali panavuja.

Mama Furaha akasita, kisha akainua kidole kuelekea vitenge. "Umwambie tu ukweli, kaka. Kule nyuma maji inatoka."

Nikamgeukia mkaguzi, meno yote nje, nikasema kwa Kiswidi: "Anaomba uvitazame vitenge vyake. Hapa hapavuji kabisa."

Mkaguzi akavisifu, akapima ukuta wa mlangoni tu, akaandika, akaondoka.

"Amesema batatengeneza?" akauliza Mama Furaha.

"Amesema sawa."

Loo! Nimewadanganya wawili kwa pumzi moja!

Ramani ya mpango ilipotoka, safu nzima ilikuwemo isipokuwa duka moja tu, lililoandikwa kuwa na hali nzuri: la Mama Furaha. Nilikimbilia kommun kukiri. Mkaguzi alinisikiliza hadi mwisho, akasema mipaka imeshapitishwa na mkopo umeshagawanywa.

Leo mlango wa Kamau unajifungua wenyewe kama wa uwanja wa ndege. Hakufukuzwa mtu! Ila mvua za vuli ziliangusha dari ya Mama Furaha juu ya vitenge na magunia ya unga. Alifunga duka. Sasa kila asubuhi anapanda treni kwenda kusafisha ofisi Upplands Väsby.

Nilimfuata nikamweleza yote. Hakupiga kelele, bora angepiga!

"Mwenye nyumba alikulipa ngapi?" akaniuliza.

Sikulipwa chochote! Nimeapa kwa kila ninachokiamini, lakini haamini. Kwa Kamau nikiingia kunyoa, mazungumzo yanakatika.

Juzi nilimkuta kituoni ameshika barua ya hospitali, anaigeuzageuza. Nikajitolea kumsomea. Akaikunja taratibu, akaitia kwenye pochi.

"Aksanti, msomi. Nitamungojea mtoto."

Wewe unayewatafsiria wazazi wetu kwenye maofisi, nakusihi! Shuku utakavyo, shuku hata kivuli chako, lakini neno la mtu lifikishe kama alivyolitoa. Na ukuta ukivuja, mwonyeshe mgeni. Msogezee na kiti, akae autazame vizuri!